Mkimbiza Mpira Hujulikana kwa Yadi Nne

Kila mwaka, kabla ya vijana wa sekondari nchini Marekani kutia saini ya kujiunga na timu za futiboli ya Kimarekani za vyuo vikuu, kampuni zinazowakadiria wachezaji, kama vile 247Sports, Rivals na ESPN, hutoa orodha za wachezaji bora na kumpa kila kijana nyota zake, tano zikiwa ndizo za juu kabisa. Nimezifuatilia orodha hizo tangu nihamie kaskazini mwa Texas, mahali ambapo mechi ya sekondari ya Ijumaa usiku ni jambo zito kiasi kwamba shule ya mji wa Allen, jirani na Dallas, ilifungua mwaka 2012 uwanja wa watazamaji 18,000 uliogharimu takriban dola milioni 60. Kati ya nafasi zote zinazopangwa katika orodha hizo, ile ambayo mimi naona hukadiriwa vibaya kuliko nyingine ni ya mkimbiza mpira. Sidhani kwamba maskauti, watu wanaotafuta na kukadiria wachezaji, ni wavivu au wana upendeleo. Tatizo ni kwamba jicho la mtu yeyote huvutwa na mbio za yadi themanini, ilhali ubora wa mchezaji huyu umo katika mbio za yadi nne.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ni vyema kazi yenyewe ielezwe kwanza. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, na ikifaulu huanza kuhesabiwa upya, kwa hiyo timu inayopata yadi nne katika kila jaribio haizuiliki, kwani majaribio matatu yanatosha na ziada inabaki. Mkimbiza mpira husimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, hukabidhiwa mpira mkononi, kisha hujitosa kwenye msongamano wa watu ambao wengi wao wana uzito wa zaidi ya kilo 130. Wazuiaji watano wa mstari wa mbele wa timu yake hujaribu kumfungulia njia, na wapinzani hujaribu kumwangusha kabla njia hiyo haijafunguka. Tangu apokee mpira hadi aguswe kwa mara ya kwanza hupita sekunde moja na nusu, pengine mbili, na karibu kila jambo linalomtofautisha mkimbiza mpira mzuri na kijana mwenye kasi tu hutokea ndani ya muda huo na katika hatua mbili tatu zinazofuata.

Usajili, hata hivyo, hutegemea sana vitu vinavyoweza kuandikwa kwenye karatasi. Katika kambi za majira ya joto ambazo vyuo huandaa, kijana hupimwa urefu na uzito, huruka juu na mbele ili nguvu ya miguu yake ijulikane, na hukimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu. Kipimo hicho cha mwisho kimetukuzwa kupita kiasi. Ni mara chache sana katika mechi mkimbiza mpira akapata nafasi ya kukimbia yadi 40 zilizonyooka, na muda unaotangazwa mara nyingi huwa umepimwa na mtu aliyeshika saa mkononi, ambaye huibonyeza baada ya jicho lake kuona mguu ukiondoka. Katika riadha ni kanuni inayojulikana kwamba muda wa saa ya mkono katika mbio fupi huongezewa sekunde 0.24 ili uweze kulinganishwa na ule wa mtambo, na katika mbio za yadi 40, ambazo hutenganisha wachezaji kwa sehemu za kumi za sekunde, tofauti hiyo inatosha kumgeuza kijana wa kawaida kuwa gumzo la jimbo zima. Ndiyo maana kocha makini humwuliza kijana kama anaikimbilia shule yake mita 100, kwa sababu huko saa ni ya mtambo na washindani wako ubavuni mwake. Jonathan Taylor, aliyetoka mji mdogo wa Salem katika jimbo la New Jersey, alikuwa hodari wa mita 100 tangu sekondari, na maskauti wa NFL, ligi ya kulipwa, walipompima mwaka 2020 akiwa na zaidi ya kilo 102 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39. Wakati wa usajili wake wa chuo alikuwa amepewa nyota tatu tu.

Kitu cha pili kinachotazamwa ni video. Karibu kila shule hurekodi mechi zake na kuzipandisha kwenye mtandao wa Hudl, na kijana hukata mwenyewe matukio anayotaka kocha ayaone, akayapanga kwa mfuatano unaompendeza na wakati mwingine akaweka muziki juu yake. Matokeo yake ni dakika chache za mbio ndefu tupu. Mbio ndefu za sekondari zinaeleza kidogo sana kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa mara nyingi kilichotokea ni kwamba wazuiaji waliwazidi wapinzani nguvu, beki wa mwisho akakosea pembe ya kumfuata, na kijana mwenye mpira akawa na kasi kuliko kila mtu aliyekuwa uwanjani usiku ule. Akifika chuoni, hasa katika ligi kubwa za vyuo kama SEC au Big Ten, beki wa mwisho hakosei pembe mara kwa mara, naye pia alikuwa mwenye kasi kuliko wote katika mji aliotoka.

Kijana mmoja wa familia ya jirani zetu, watu wa Kivu Kusini waliofika Texas wakitokea kambi ya wakimbizi, hucheza nafasi hii katika timu ya shule yake. Aliponiletea video aliyokusudia kuwatumia makocha, nilimwomba anionyeshe mechi moja nzima, tena ile waliyofungwa. Alinitazama kwa mashaka. “Mjomba, hata ile tuliyopigwa vibaya?” Tuliitazama sebuleni kwao, baba yake akiwa amekaa kando akiuliza kila mara kwa nini mchezo unasimama. Katika robo ya tatu ulikuwapo mchezo mmoja, yaani jaribio moja, ambao mwanya uliopangwa ulizibwa kabisa kabla hajaufikia. Akapunguza nusu hatua, akateleza kando ya mgongo wa mzuiaji wake, akainamisha bega na kuanguka mbele, yadi nne. Hakuna aliyeshangilia, wala mtangazaji wa shule hakutaja jina lake. Nilimwambia kwamba mchezo huo ndio unaopaswa kufungua video yake, na mbio za yadi 70 zifuate baadaye.

Makocha wa nafasi hii husema juu ya mchezaji kwamba “ana macho”, na ninaamini hicho ndicho kipaji cha kwanza. Michezo mingi ya kukimbiza mpira katika vyuo vya leo hufuata mfumo wa zoni, ambamo wazuiaji wote watano husogea upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja akimchukua mpinzani yeyote anayeingia katika eneo lake, hivyo hakuna mwanya mmoja ulioamuliwa kabla. Mkimbiza mpira humsoma mpinzani wa kwanza, kisha wa pili, na kutokana na jinsi wanavyosukumwa huamua kama atapita nje, katikati, au atakata na kurudi upande ule ambao wote wanauacha. Hapa ndipo subira inapokuwa na thamani kubwa kuliko kasi. Akikimbilia mwanya mapema, lainibeka, mlinzi anayesubiri nyuma ya mstari, humwona na kuuziba. Akiukaribia polepole, akionyesha kwa mabega kwamba anakwenda kulia, lainibeka hujifunga upande huo, na upande wa kushoto hufunguka. Anayesukuma mkokoteni Kariakoo saa za mchana huujua ustadi huo, kwa sababu halengi pengo lililo mbele yake sasa, ambalo litakuwa limejaa watu atakapolifikia, bali hulenga mahali ambapo watu wanaondoka.

Le'Veon Bell alikuja kuwa mfano maarufu wa subira hiyo. Alipojiunga na Michigan State mwaka 2010 hakuwa miongoni mwa waliogombaniwa, na baadaye akiwa Pittsburgh katika NFL alizoea karibu kusimama kabisa nyuma ya wazuiaji wake, akiwaacha wafanye kazi, kisha kuchomoka. Mfano wa upande wa pili ni Trent Richardson, na ninautaja kwa tahadhari kwa sababu alikuwa mchezaji mkubwa wa chuo. Alifika Alabama akiwa na nyota tano, mwaka 2011 akakimbia yadi 1,679, na mwaka 2012 akachaguliwa wa tatu katika drafti nzima ya NFL, zoezi ambalo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Alikuwa na nguvu za ajabu za mapaja na kasi ya kutosha. Lakini alipokosa ule ukuta wa Alabama uliokuwa ukifungua njia pana, ilidhihirika kwamba mara nyingi alikuwa akikimbilia migongo ya wenzake ilhali upenyo uko hatua moja pembeni, na aliondoka katika ligi hiyo akiwa na wastani wa yadi 3.3 kwa kila mbio. Hakuna saa ya mkono ambayo ingeuonyesha upungufu huo alipokuwa na miaka kumi na saba, ila mbio zake fupi zingeweza kudokeza jambo.

Baada ya macho kuna lile linalotokea anapoguswa. Hapa siwezi kuacha kumtaja Ashton Jeanty, kwa sababu sekondari yake, Lone Star ya mji wa Frisco, iko katika eneo hili hili. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa jeshi la majini la Marekani, na Jeanty alianza kucheza futiboli Naples, Italia, katika shule ya watoto wa wanajeshi, kabla familia haijahamia Texas. Ana urefu wa takriban sentimeta 174. Alipewa nyota tatu, na vyuo vikubwa vya Texas havikumpigania, akaenda Boise State katika jimbo la Idaho. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,601, pungufu ya yadi 27 tu kuifikia rekodi ya msimu mmoja iliyowekwa mwaka 1988, akashika nafasi ya pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, nyuma ya Travis Hunter, kisha akachaguliwa wa sita katika drafti ya 2025 na Las Vegas Raiders. Sehemu kubwa ya yadi hizo ilipatikana baada ya mkabaji wa kwanza kumgusa. Ukimtazama utaona kwamba husubiri mpira akiwa amesimama wima, mikono ikining'inia, kana kwamba hana haraka, na anapokabwa kiunoni miguu yake haikomi kupiga hatua fupi fupi chini ya nyonga. Mapaja yake ni mazito na kitovu cha uzito wake kiko chini, kwa hiyo mkabaji anayemjia juu hukosa pa kushika. Skauti aliyeandika “mfupi” katika ripoti yake alikuwa ameandika sifa, ila hakujua.

Aliyeshikilia rekodi hiyo ya 1988 ni Barry Sanders, na hadithi yake inafanana na hii kiasi cha kushangaza. Katika shule ya Wichita North, Kansas, alipewa nafasi ya mkimbiza mpira mkuu katika mwaka wake wa mwisho tu, alikuwa na urefu wa sentimeta 173 hivi, na vyuo vilivyomtaka vilihesabika kwa vidole. Alikwenda Oklahoma State, akakaa nyuma ya Thurman Thomas kwa misimu miwili, kisha katika mechi 11 za msimu wa 1988 akakimbia yadi 2,628 na kufunga tachidauni 37 kwa kukimbia, yaani kuufikisha mpira mwisho wa upande wa wapinzani. Mtu akipiga chenga za Sanders leo kwenye video ya sekondari, bado wapo maskauti watakaosema kwamba anapoteza yadi kwa kurudi nyuma. Cam Skattebo, ambaye hana chenga za namna hiyo hata kidogo, alianza katika chuo cha daraja la chini, Sacramento State, kwa sababu vyuo vya daraja la juu havikumfungulia mlango; mwaka 2024 akiwa Arizona State alikimbia yadi 1,711 na kupokea pasi za yadi 605, akiwagonga watu na kubaki amesimama. Wachezaji hawa wawili hawafanani kwa lolote linaloonekana. Wanachoshiriki ni kwamba mtu mmoja hakutosha kuwaangusha, na hilo huonekana hata katika mbio ya yadi tatu.

Isidhaniwe kwamba ninatetea ufupi. Derrick Henry, mwenye urefu wa sentimeta 191 na uzito wa zaidi ya kilo 110, alikimbia yadi 12,124 katika miaka yake ya sekondari huko Yulee, Florida, akavunja rekodi ya taifa ambayo Ken Hall wa Sugar Land, Texas, aliiweka mwaka 1953. Pamoja na hayo, wapo waliosema kwamba mtu mrefu hivyo atakuwa shabaha rahisi kwa wakabaji wanaolenga magoti, na kwamba ahamishiwe ulinzi. Baadhi ya orodha hazikumwita mkimbiza mpira bali mwanamichezo wa jumla tu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa mrefu asiyejua kuinama huacha mbavu na magoti wazi. Mwaka 2015 alibeba mpira mara 395 kwa ajili ya Alabama, akakimbia yadi 2,219 na kuitwaa Heisman. Kwa maoni yangu urefu hauna maana yoyote katika nafasi hii mpaka utazame jinsi mchezaji anavyoinamisha mabega kabla ya kugongana, na hilo nalo halipimwi kambini, kwa sababu kambi nyingi huchezwa bila kugongana.

Kuna kazi ambayo video za vijana huwa haziigusi kabisa, nayo ndiyo humchelewesha mchezaji mpya kuliko nyingine yoyote: kumlinda kwotabeki. Jaribio la tatu likibaki na yadi nane, kila mtu uwanjani anajua kwamba pasi inakuja, na wapinzani humtuma lainibeka au beki wa pembeni kuvamia ghafla. Mkimbiza mpira anatakiwa ajue kabla mchezo haujaanza ni nani kati yao atakuja bila mtu wa kumzuia, avuke mbele ya kwotabeki akiwa upande sahihi, kisha ampokee kifuani mtu anayekuja kwa kasi zote. Sekondari nyingi hazifundishi jambo hilo, kwa kuwa kijana mwenye kipaji hupewa mpira au hutumwa kuupokea, na ni ufujaji kumfanya mzuiaji. Chuoni, kosa moja la kumlinda linaweza kumgharimu bega kwotabeki anayelipwa mamilioni. Kocha humweka benchi mwenye nyota tano kwa ajili ya hilo bila kusita, na mashabiki hulalamika wiki nzima bila kujua sababu. Kwa hiyo ninapotazama mechi nzima ya kijana, natazama pia michezo ambayo hana mpira. Akitembea huku wenzake wakizuia, nimekwisha jua mengi.

Kupokea pasi ni rahisi zaidi kulipima, na thamani yake imepanda. Christian McCaffrey alipokuwa Stanford mwaka 2015 alikusanya yadi 3,864 kwa kukimbia, kupokea na kurudisha mipira, akaivunja rekodi ya Sanders ya 3,250, na tangu hapo makocha wengi wanatafuta mkimbiza mpira anayeweza kusimama pembeni kama mpokeaji na asionekane mgeni. Kuhusu kudondosha mpira nitasema machache: tazama ni mkono gani ameuweka anapokimbia kando ya mstari, na kama kiwiko kimebana mbavu. Taylor, kwa uhodari wake wote, alifuatwa na dosari hiyo hadi mwisho wa masomo yake.

Nimemtaja Taylor mara mbili, na inafaa nieleze alikokwenda, kwa sababu ubora wa mkimbiza mpira hauwezi kutenganishwa na mfumo anaoingia. Wisconsin ni chuo ambacho kwa miongo kadhaa kimejulikana kwa wazuiaji wakubwa, wengi wao vijana wa mashambani wa jimbo hilo hilo, na makocha wake walijua kwa uhakika aina ya mtu anayefaa nyuma yao: mzito, mvumilivu, mwenye kukata mara moja na kwenda. Walimpata Ron Dayne kusini mwa New Jersey, naye akashinda Heisman ya 1999. Walirudi eneo hilo hilo wakamchukua Corey Clement wa Glassboro. Kisha Taylor, ambaye katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari alikimbia yadi 2,815 na kuivunja rekodi ya kusini mwa New Jersey iliyokuwa ya Clement huyo huyo. Mwaka 2017, akiwa mwaka wa kwanza, Taylor alikimbia yadi 1,977, rekodi mpya ya wachezaji wa mwaka wa kwanza iliyopita ile ya Adrian Peterson wa Oklahoma ya mwaka 2004, yadi 1,925. Vyuo vyenye majina makubwa zaidi vilikuwa na orodha zile zile mezani. Wisconsin ilikuwa na orodha hizo pamoja na kumbukumbu ya wachezaji ambao nafasi hiyo iliwakaa vizuri.

Michigan nayo ilifanya jambo kama hilo kwa kijana aliyetoka mbali zaidi. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Longueuil karibu na Montreal, na akacheza katika chuo cha Vanier, nje kabisa ya njia za kawaida za usajili wa Marekani. Novemba 1995 Ohio State ilifika Ann Arbor bila kufungwa, ikiwa na Eddie George ambaye ndiye aliyepata Heisman ya mwaka huo, na Biakabutuka akawakimbilia yadi 313. Michigan ikashinda 31 kwa 23. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa nane katika drafti. Wakongo wa hapa Texas ambao nimewasimulia habari hii huniuliza mara mbili kama ni kweli.

Nafasi hii pia ndiyo ambayo kijana huweza kuanza kucheza mapema kuliko nyingine nyingi. Herschel Walker alikuwa mwaka wa kwanza tu alipokimbia yadi 1,616 na Georgia ikawa bingwa wa taifa mwaka 1980. Lakini wepesi huo wa kuanza una upande wake wa pili, kwa sababu mwili wa mkimbiza mpira una idadi fulani ya kugongwa kabla haujaanza kupoteza, na NFL huihesabu. Josh Jacobs, kijana wa Tulsa ambaye vyuo vikubwa vilimgundua dakika za mwisho, alibeba mpira mara 251 tu katika miaka mitatu ya Alabama, na bado mwaka 2019 alikuwa mkimbiza mpira wa kwanza kuchaguliwa. Uchache wa mbio zake ulihesabiwa kuwa hazina. Katika drafti za 2022 na 2024 hakuna hata mmoja wa nafasi hii aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza. Jeanty alibeba mpira mara 374 katika msimu wake wa mwisho na akachaguliwa wa sita, jambo linaloonyesha kwamba hesabu hiyo ina watu inaowasamehe.

Soko nalo limebadilika tangu 2021, mwaka ambao wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina yao na pia kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na sharti hilo la mara moja likaondolewa mwaka 2024. Msimu ule ule wa kwanza, Kenneth Walker III, aliyetoka sekondari bila kelele na kuanzia Wake Forest, alihamia Michigan State, akakimbia yadi 1,636 na kufunga tachidauni tano katika mechi moja dhidi ya Michigan. Makocha walijifunza haraka. Kwa nini umsubiri kijana wa miaka kumi na minane ajifunze kumlinda kwotabeki, wakati unaweza kumnunua wa miaka ishirini na moja ambaye mbio zake fupi dhidi ya watu wazima zimekwisha rekodiwa? Kwa kawaida chuo husajili wakimbiza mpira mmoja au wawili wa sekondari kwa mwaka, na nafasi hizo sasa zinagombaniwa na watu wenye ndevu. Kwa vijana wenye macho na miguu mizuri lakini wasio na nyota, hali hii si mbaya kama inavyosemwa, kwa sababu wanaweza kuanzia chuo kidogo, wakacheza kila wiki, na mechi zao nzima zikaonekana.

Wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa, ambao watoto wao wameanza kuandikiwa barua na makocha, huniuliza zaidi juu ya fedha na jina la chuo. Mimi huwashauri waanze na maswali mengine wanapoketi na kocha wa wakimbiza mpira: ni wangapi wa nafasi hii waliobakiza miaka ya kucheza, ni mfumo gani wa kuzuia unaotumika zaidi, na ni nani aliyekuwa akimlinda kwotabeki katika jaribio la tatu msimu uliopita. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Kocha akilijibu kwa kutaja mchezaji wa mwaka wa kwanza au wa pili, na akaeleza alimfundisha nini mwezi wa Machi hadi akamwamini mwezi wa Septemba, mzazi anaweza kuvuta kiti karibu na kuuliza habari za fedha.